Fungueni boksi la treni mbele ya mwenye nalo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, maana hili jambo liko kifuani kwangu toka mwezi uliopita na nikinyamaza litawakuta na wengine. Nilienda kuchukua mzigo kwenye ofisi moja ya kupokelea mizigo hapa Dar, mzigo umetoka Marekani, nimeusubiri wiki saba, nikakabidhiwa boksi limechanwa ubavuni alafu limefungwa upya na selotepu ya kahawia, kulishika tu nikasikia vitu vinacheza ndani. Ndani kulikuwa na kichwa cha treni, modeli, urefu kama sentimita 24 hivi, chesisi ya chuma, kizito kama tofali dogo. Kimerudishwa kwenye sponji kimegeuzwa, magurudumu juu. Ule waya mwembamba wa pembeni ambao kwenye treni ya kweli ndio chuma anachoshika dereva akitembea nje ya injini, umepinda sehemu mbili, na vile vijiti vinavyoubeba, vidogo kama ncha ya njiti ya chelewa, vitano vimeng'oka na viwili havikuonekana kabisa mpaka leo. Kijana aliyenipa akasema mzee si toi tu hii, utanyoosha na koleo.

Nilisaini nikaondoka, lakini usiku sikulala vizuri.

Naomba wasomaji wanielewe natoka wapi. Mzee wangu alikuwa dereva wa TAZARA, depo ya Mlimba, na mimi nimekulia pale kwenye nyumba za reli. Miaka ya 80 vilipoingia vile vichwa vya U30C sisi watoto tulikuwa tunavijua kwa mlio kabla hata havijatokeza, maana kabla yake tulizoea vya Kichina vya haidroliki, na hivi vipya vilikuwa na mngurumo mzito wa tumboni. Usanifu wake ni wa General Electric wa Marekani ingawa vya kwetu vilitengenezwa Ujerumani na kampuni ya Krupp. Jina lenyewe linasomeka ukijua, U ni universal yani kichwa cha kazi zote, 30 ni nguvu za farasi 3,000, na C ni ekseli tatu kila bogi, yani ile fremu ya magurudumu chini ya kichwa, na zote zina mota. Kutoka Mlimba kwenda Makambako ni mlima, mahandaki na madaraja, na mzee alikuwa akirudi safari ile anakaa kimya nusu saa nzima kabla ya kuomba chai. Sasa yuko na miaka 81, miguu haimruhusu, na mimi nataka nimtengenezee kile kichwa akiweke mbele yake mezani kikiwa kinatembea. Ndio maana nanunua vitu Marekani, maana hapa dukani hamna, utakuta treni za betri za kuchezea mtoto ambazo reli yake ni plastiki tupu.

Na nimegundua tuko wengi kidogo. Kuna jamaa Tanga anafanya hii kazi ya kujenga treni za modeli, kuna mmoja Morogoro, na watu wananiuliza sana unaagizaje, kwaiyo niseme hapa hapa nilichojifunza kwa pesa yangu.

Cha kwanza kabisa ni skeli, yani modeli ni ndogo mara ngapi kuliko kitu cha kweli, kabla hujatuma hata dola moja. Wamarekani wengi wanatumia HO, hiyo ni 1 kwa 87, na reli yake ina upana wa milimita 16.5. Ukiwa unapenda SGR yetu umepata bahati, maana SGR ni milimita 1,435 na ukigawa kwa 87 unapata hiyo 16.5, unanunua tu unatandika. Lakini TAZARA ni milimita 1,067. Mimi mwaka wa kwanza sikupiga hesabu nikanunua reli na mabehewa ya HO, nikayapanga sebuleni, mzee akaangalia akasema reli hii pana mno, hii siyo yetu. Aliona kwa macho tu! Baadae ndio nikaja kuelewa kitu ambacho watu wa New Zealand na Australia wamekuwa wakifanya siku nyingi maana na wao wana reli ya 1,067, kwamba unaacha reli ile ile ya HO lakini unajenga bodi, lile ganda la juu, kwa skeli ya 1 kwa 64. Gawa 1,067 kwa 64 uone, inakuja 16.67, tofauti na 16.5 ni unywele. Kwaiyo unanunua Marekani mota, bogi, magurudumu na reli za HO ambazo ni nyingi na bei yake inavumilika, alafu bodi unajenga mwenyewe kwa plastiki za shiti. Mimi natumia za kampuni ya Evergreen, zinakuja zimekatwa tayari unene tofauti tofauti na zinapita kwenye bahasha. Wa reli ya kati ya mita moja hesabu yenu ni nyingine, nyie kwa 1 kwa 87 mnaangukia kwenye reli ya milimita 12.

Kichwa nilichoagiza ni U33C ya kampuni ya Athearn, ya mtu aliyeitumia, ni ndugu wa U30C, tofauti ni farasi 300. Siyo pacha wa cha kwetu, cha Kimarekani ni kipana na kirefu kuliko hivi vya kusafirishwa nje, ila nilitaka mota na bogi zake alafu na bodi niwe naiangalia wakati nachonga ya kwangu, milango ya injini imepangwaje, feni ya radieta inakaaje pale nyuma kwenye yale mabega. Ndio maana ule waya ulioharibiwa umeniuma, ulikuwa ndio kielelezo changu cha ngazi na mikono.

Kapla, yani viungo vya kuunganishia mabehewa, msihangaike na za Kiingereza za ndoano, hazifanani na chochote cha huku. TAZARA ni kapla ya ngumi, ile inayofumba kama mkono, na Marekani kuna kampuni ya Kadee ya Oregon ndio kazi yao hiyo, za chuma, zinafumbata zenyewe mabehewa yakigusana na zinaachiana juu ya sumaku. Namba 5 ndio ya HO inayotumika sana, ila kwa 1 kwa 64 chukua 802. Zifungulie ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha. Kale kaspringi kanakofunga ngumi ni kadogo kuliko punje ya ulezi na kakiruka kwenye mkeka umeshakapoteza, mimi vitatu vimeenda hivo hivo ndio nikaanza kutumia mfuko.

Umeme. Hapa naomba watu wanisikilize maana ni hatari. Transfoma ya Marekani imeandikwa 120V 60Hz, maandishi madogo chini ya boksi, na umeme wetu ni 230. Mimi niliibadilishia plagi tu nikachomeka, haikumaliza dakika, ikaanza harufu ya vanishi inayoungua na mfuniko ukalainika. Mtoto alikuwa amekaa pembeni. Usinunue transfoma ya kule, nunua kontrola inayotumia adapta kama ya laptop iliyoandikwa 100-240V, zipo, au ununue adapta hapa hapa mwenye duka akupimie volti mbele yako. Treni zenyewe za kawaida zinatumia volti 12 tu za DC kwaiyo hazina shida, shida ni kile kinachochomekwa ukutani.

Rangi nayo usiweke kwenye oda. Rangi za kopo la kupuliza na zile za thina haziruhusiwi kwenye vifurushi vya kawaida vya ndege, duka likiwa makini watakuandikia wazitoe, lisipokuwa makini mzigo mzima unarudishwa na nauli haikurudii. Rangi za maji zinapita. Mimi nilichofanya nimeenda kwa mafundi wanaochanganya rangi za magari, unampa kipande cha plastiki kama sampo anakuchanganyia robo kikopo.

Kuhusu kununua kwenyewe, maduka makubwa ya kule mengi yanaandika hatutumi nje ya Marekani, lakini maduka madogo, yale ya mzee mmoja na mke wake, ukiwaandikia barua pepe ya heshima ukawaeleza unajenga nini wanajibu, na wanafungasha vizuri kuliko wakubwa. Mmoja aliniongezea pakiti ya magurudumu bure, aliandika kwenye karatasi kwamba hajawahi kutuma kitu Tanzania. Ila jueni kwamba vitu vipya siku hizi havikai shelfu. Kampuni inatangaza, watu wanaweka oda, kiwanda China kinatengeneza mara moja, vikiisha vimeisha, unaweza kungoja mwaka na zaidi. Na kwa vile vinatoka China, ushuru ambao Marekani iliongeza kwa bidhaa za China mwaka 2025 nao uliingia kwenye bei, kwaiyo mimi nakwenda zaidi kwenye vya mkononi, yani vilivyotumika. Kwenye vya mkononi omba video, sikiliza, kikitembea kinagonga tak tak kwa mpigo ule ule ujue gia ya ekseli imepasuka.

Fomu zao za mtandaoni zinadai namba ya mtaa na zip code, na sisi tulizoea S.L.P. Weka postikodi ya kata yako, ile ya tarakimu tano, zinakubali. Ukitumia wakala wa mizigo mwenye anwani kule angalia anapimaje, maana wengi hawapimi kilo, wanapima ujazo, urefu mara upana mara kimo kwa sentimita ugawe kwa 5,000. Boksi la 40 kwa 30 kwa 25 linahesabiwa kilo 6 hata kama ndani mna kilo 2 za mabehewa na karatasi. Mwambie mwenye duka mapema apunguze boksi, siyo apunguze sponji.

Sasa nirudi kwenye lililonifanya niandike. Kodi nalipa, na sijawahi kuomba niandikiwe bei ya uongo kwenye karatasi. Najua inahesabiwa kwenye bei ya kitu pamoja na nauli na bima, kitu cha dola 80 na nauli 45, hata kabla ya bima, kinatozwa kama cha 125, ushuru alafu VAT ya 18 juu yake. Inauma lakini ndio utaratibu na nchi inahitaji. Kukaguliwa pia sipingi, watu wanaficha mambo mabaya kwenye vifurushi. Ninachoomba kwa wanaohusika kwenye kila ofisi inayofungua mizigo ya watu ni kitu kimoja, fungueni mwenye mzigo akiwepo. Namba ya simu imeandikwa kwenye boksi. Nipigieni, nitakuja hata saa moja asubuhi, nitakitoa mimi mwenyewe, najua kinashikwaje, kinashikwa chini kwenye tenki siyo pembeni, nitakigeuza muone ndani, mkitaka nitafungua na bodi, skrubu ziko chini. Dakika kumi imeisha. Hivi ndivyo inavyofaa pia kwa mtu aliyeagiza vipuri vya kamera au vya mashine ya hospitali, siyo treni tu.

Na kwa mabosi, naomba muwaambie vijana wenu neno toi lisiwe ruhusa ya kurusharusha. Ni kweli kwenye vitabu vya forodha modeli za skeli ziko namba moja na vitu vya kuchezea, 9503, sibishani na hilo. Lakini kuna watu nyuma ya hivyo vitu. Kule Marekani wana chama cha watu wa treni za modeli toka 1935, NMRA, na ndicho kilichoweka vipimo ambavyo vinafanya gurudumu la kampuni hii lipite kwenye reli ya kampuni ile bila kuanguka. Wamo mainjinia na madereva wastaafu humo, na mimi nikipeleka swali kuhusu reli ya kwetu wanataka kujua, wananiuliza Mlimba ikoje.

Waya nimeshaunyoosha. Vijiti viwili vilivyopotea nimevitengeneza kwa pini za kushonea nimezikata vichwa na kuchimba matundu kwa drili ya mkono ya milimita 0.5, mzee ameshika akasema vimekaa.

Kilichobaki hakiuzwi Marekani wala kokote. Sina picha ya U30C ya TAZARA ya upande wa kushoto, ya miaka ile ya mwanzo vikiwa na rangi yake ya kwanza. Za upande wa kulia ninazo mbili, zote nyeusi na nyeupe, na mzee na rafiki yake waliyefanya naye kazi wanabishana kuhusu mstari wa pembeni ulikuwa unaishia kwenye mlango au unazunguka mpaka mbele. Kama kuna mstaafu wa Mlimba, Makambako, Mbeya au karakana ya Dar mwenye picha kwenye albamu, hata kama ni ya harusi na kichwa kinaonekana nyuma ya watu, nakuomba uipitishe kwa Mhariri, nitaipiga kopi na kuirudisha siku hiyo hiyo.

Mtoto wa reli,
Dar es Salaam