Barua ya malalamiko: niliagiza petkoki ya mabonge, nikaletewa mchanga mweusi

Tororo, Uganda.

Kwa Meneja wa Mauzo.

Bwana Meneja,

KUH: TANI 28 ZA PETKOKI ISIYO ILE NILIYOAGIZA

Simu tumeshapigiana za kutosha, na kila mara jibu ni lile lile: "Mzee, petkoki ni petkoki." Sasa nataka tuelewane kwa maandishi.

Oda yangu ya tanuri la chokaa ilisema petkoki ya mabonge, yaani makaa yatokanayo na mabaki ya mafuta ghafi, kama ile mliyoniletea mara mbili mwaka jana. Lori lilifika usiku. Vijana walipogusa gunia la kwanza kati ya yale makubwa 28 ya tani moja moja, mzigo ukaanza kumwagika wenyewe kwenye mshono. Nikakinga kiganja. Zilikuwa punje nyeusi za mviringo, ndogo kuliko ufuta, zikanipita vidoleni kama mchanga wa ziwani. Dereva wenu aliniuliza kwa utani kama najenga nyumba. Sikucheka, maana nilikuwa nimelipa yote kabla lori halijavuka mpaka wa Malaba.

Nakiri kosa moja: nilijaribu kuichoma. Mteja wangu mkubwa wa chokaa ni kiwanda cha sukari, na miwa haingoji mtu. Tanuri langu ni la wima. Tunapanga tabaka la mawe ya chokaa, tabaka la petkoki, tena mawe, hadi juu, na hewa hupanda kutoka chini ikipita kwenye nafasi zilizo kati ya mawe. Punje zenu ziliziba nafasi zile zote. Nyingine zilishuka hadi kwenye chuma cha chini bila kuwaka, nyingine zikapeperushwa na feni zikatua kwenye nguo za majirani. Moto ukashika upande mmoja tu. Siku ya tatu nilichukua jiwe nikalitia kwenye ndoo ya maji. Chokaa iliyoiva huchemka, ikafura na kupasuka. Hili lilichemka kidogo juu juu, na ndani likabaki jiwe kama lilivyotoka machimboni.

Meneja wenu wa bohari alisema labda mabonge "yalisagika njiani". Hapana. Bonge likisagika hutoa vipande vyenye kona na vumbi, halitoi punje za mviringo zinazolingana. Huu mzigo ulizaliwa hivyo. Ni koki ya fluidi, yaani petkoki ya punje, na ina mtambo wake.

Yale mabonge ya mwaka jana hutoka kwenye mapipa marefu ya kiwanda cha kusafisha mafuta. Mabaki mazito yanayosalia baada ya petroli na dizeli kutolewa huchemshwa, yakaachwa humo kwa saa nyingi hadi yagande, kisha hukatwa kwa maji ya kasi kubwa. Ndiyo maana huwa na vitundu kama sifongo na hushika moto vizuri. Koki ya fluidi hailali popote. Mabaki yale yale hunyunyizwa juu ya punje za koki zenye joto la nyuzi 500 na zaidi, zinazorushwa na mvuke hadi zinatiririka kama maji. Sehemu nyepesi hupanda kama gesi, kaboni hubaki imeipaka punje, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Punje huhamia chombo cha pili, baadhi ya koki huchomwa humo ili kupata joto, na nyingine hurudi kupakwa tena. Kinachozidi ndicho huuzwa. Ni ngumu, na gesi zake za kuwakia ni chache, kwa hiyo hata kuiwasha ni taabu.

Na si jambo jipya. Mtambo wa kwanza wa namna hii ulianza kazi Billings, Montana, nchini Marekani, mwaka 1954. Muuzaji wa petkoki hawezi kusema hajui tofauti. Sikatai kwamba ina wanunuzi wake: kiwanda cha saruji huisaga na kuipuliza ndani ya tanuri. Mimi sina kinu wala sikuagiza unga. Aliyeagiza magogo akaletewa maranda, je, aambiwe yote ni mti?

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linaninyima usingizi. Salfa ya mafuta ghafi hujikusanya kwenye mabaki hayo mazito, na nyingi huishia kwenye koki, pamoja na metali za vanadi na nikeli. Chokaa hunyonya salfa kama kitambaa kikavu, na watu wa sukari hupima kila mzigo. Cheti cha maabara hamkukiambatisha. Nimekiomba mara nne.

Ninachotaka ni hiki. Mlete lori mchukue magunia 25 ambayo hayajafunguliwa, yako chini ya turubai. Mnirudishie fedha za tani zote 28 pamoja na nauli, au mniletee mabonge niliyoagiza, kwa gharama yenu. Matatu niliyochoma tutayazungumza mkiniletea cheti. Nawapa siku kumi na nne. Baada ya hapo wakili wangu ataendelea na jambo hili.

Nimeweka punje kwenye chupa ya soda, nusu chupa, na kando yake bonge moja la mwaka jana. Viko mezani kwangu. Atakayetumwa aje avione kabla hajaniambia tena kwamba petkoki ni petkoki.

Wako,

Mwenye tanuri, Tororo