Sumaku ndogo haijamkosea mtu

Mhariri,

Makala yenu ya juzi kuhusu kuunda spika nyumbani ilimtaka msomaji aanze kwa kuinua spika, apime uzito wa sumaku, na iliyo nyepesi airudishe. Kwa spika ya kufungia ndani ya boksi sina ugomvi. Kwa anayeifunga kwenye ubao mtupu, nyuma wazi, mmempotosha.

Ninazo mbili za inchi 8, zile za bei ya chini ambazo koni moja ya karatasi hutoa sauti zote, hakuna twita (kispika cha sauti za juu) wala krosova (saketi ya kugawa sauti kati ya spika). Sumaku yake naifunika kwa kiganja. Siku ya kwanza niliishika moja mkononi, nikawasha muziki: sauti nyembamba kama ya simu, besi hakuna. Nikakata tundu kwenye katoni, nikaibandika spika hapo wimbo ukiendelea. Besi hiyo! Nikiitoa inapotea, nikiirudisha inarudi. Nilirudia mpaka mke wangu akasema basi.

Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Mawimbi marefu ya besi huzunguka ukingo, ya mbele yakakutana na ya nyuma, yakauana. Ubao huirefusha njia hiyo, lakini hauifungi: chini ya kiwango fulani besi hushuka desibeli 6 kwa kila oktavu, yaani kila masafa yanapopungua nusu. Sasa, sumaku kubwa huibana koni kwenye mtetemo wake wa asili. Ndogo huilegezea, na uvimbe wa besi unaotokea hapo ndio unaofidia sehemu ya kile kinachopotea ukingoni. Kwenye karatasi ya vipimo tazameni Qts, namba inayoonyesha koni inabanwa kiasi gani kwenye mtetemo huo: ikiwa kubwa, koni imelegezwa. Ya ubao naitafuta kuanzia 0.7, yenye 0.3 naiachia watu wa boksi.

Nimetumia plaiwudi ya milimita 18, upana sentimita 60, tundu nikaliweka kando kidogo ya katikati ili umbali wa kingo usilingane. Kosa langu lilikuwa kwenye waya. Besi ilikonda, mwimbaji hajulikani yuko wapi, nami nikalaumu ubao siku mbili nzima. Kumbe waya za spika moja nimezigeuza. Betri ya volti 1.5 ilimaliza kesi: iguse kidogo tu kwenye ncha, koni zote mbili zinapaswa kuruka upande mmoja.

Kwa muziki wa kutikisa madirisha hazifai, koni hucheza kupita kiasi ikaanza kukwaruza. Ukizisogeza ukutani pia zinavuruga. Zangu ziko zaidi ya mita moja mbele yake. Ila sauti ya mtu akiimba na gita peke yake, sijaisikia ikiwa huru hivyo kwenye boksi lolote nililowahi kuunda, na nimeunda mengi mabaya.

Mkiirudia makala hiyo, sentensi ya sumaku iongezeeni maneno mawili: "kwa boksi".

Msomaji wenu wa siku nyingi