Salma, Alhamisi usiende

Salma shoga yangu,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, mama anakuulizia, na Rehema bado hajaamua, kwa hiyo hakuna jipya. Nina haraka. Ile picha uliyonitumia, ya madoa yaliyokutoka kidevuni baada ya kutolewa nywele kwa leza, ndiyo imenifanya niandike, maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika popote.

Hayo madoa si uchafu wala si husuda ya mtu, mwambie Mwanaidi aache. Leza iliumiza ngozi, ngozi ikajihami kwa kumwaga melanini, ile rangi yake ya asili, kupita kiasi. Sisi weusi na wa maji ya kunde hutupata kirahisi zaidi, iwe ni leza, asidi ya kuchubua uso au kichunusi tu kilichotumbuliwa. Ndiyo maana huyo mtu wa leza anayekuita urudi Alhamisi "akaunguze madoa" ananitia hofu. Ngozi haijatulia, unaipelekea moto mwingine? Kwa kutoa nywele kwenye ngozi kama zetu, leza inayopendelewa ni Nd:YAG, ile yenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1064, kwa sababu melanini ya juu huinyonya kidogo. Yeye alitumia ipi? Na alikujaribu kwanza sehemu ndogo, akasubiri aone?

Halafu hicho kikopo cha krimu ya kung'arisha kisicho na lebo. Salma! Mimi nauza dawa, nawaona wanaokuja baada ya vikopo hivyo. Vingine vina zebaki, ambayo huharibu figo, vingine vina steroidi kali kama klobetasoli, ngozi inakonda mpaka mishipa inaonekana. Vinang'arisha haraka, sibishi. Hapo ndipo vinapowanasa watu. Na ndimu pia acha, na hilo dodoki. Uso si sufuria.

Kinachofanya kazi ni kitu usichokipenda: kujikinga na jua kila siku, hata kukiwa na mawingu. Chukua losheni ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, yenye rangi kidogo ndani yake, kwa sababu ile rangi ni oksidi za chuma, nazo huzuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza madoa. Ukiwa nje, paka tena kila baada ya saa mbili. Usipofanya hivyo, dawa zote nitakazokutajia ni kujisumbua bure.

Dawa zenyewe akupangie daktari wa ngozi, si mimi, wala si jirani yako. Anaweza kuanza na asidi ya azelaiki, ambayo ni pole, au tretinoini usiku, kidogo kidogo, maana ikiwasha sana inaleta madoa mapya juu ya yale yale. Haidrokwinoni, dawa ya kufifisha madoa, nayo inasaidia, lakini kwa miezi michache tu na kwa usimamizi. Waliojipaka miaka na miaka, wengine wamebaki na weusi wa kibluu usiotoka. Unamkumbuka shangazi yake Zawadi? Basi.

Muda nao... najua harusi inakaribia. Madoa ya kahawia huwa yapo juu na hupungua kwa miezi. Yale yenye ukijivu yameingia ndani, yanaweza kuchukua miaka. Harusini utapaka fandesheni kama wenzako, na kwenye picha hakuna atakayekitazama kidevu chako huku Rehema akicheza vile anavyocheza.

Lakini Alhamisi, tafadhali. Piga uahirishe.

Sasa nijibu yote, usichague: madoa ni ya kahawia au yana ukijivu? Bado yanawasha? Hicho kikopo umeshakitumia, na kama ndiyo, tangu lini? (Usiniambie "mara moja tu".) Bado mnatafuta mtoto? Nauliza kwa sababu tretinoini na haidrokwinoni hazifai kwa mjamzito, daktari lazima ajue. Na uliwahi kumwambia mumeo, au anadhani ni joto?

Wako,
Rukia