Barua kwa mwanangu aliyeko Daejeon, Korea Kusini

Mwanangu mpendwa,

Nyumbani hatujambo. Mguu wa baba yako unaendelea vizuri, na mdogo wako amekwisha rudi shuleni. Picha uliyotuma tumeiona sote: lile jengo la kahawia lililo mwisho wa barabara kuu itokayo stesheni. Umeniuliza kwa nini Wakorea wamelitunza jengo lililojengwa na Wajapani, na kwa nini mwenzako wa darasani hataki hata kupiga picha mbele yake. Maswali yote mawili ni ya haki. Unajua mama yako amekuwa mtendaji wa kata mpaka kustaafu, kwa hiyo habari za utawala ule nimezisoma kwa jicho la mtu aliyekalia meza kama zile. Nivumilie, nitaandika kirefu.

Jengo hilo lilikuwa makao ya mkoa wa Chungcheong Kusini, na lilikamilika mwaka 1932. Wakati huo Japani ilikuwa imeitawala Korea kwa miaka 22, tangu Agosti 1910. Watu wakisimulia ukoloni ule humtaja Gavana Mkuu wa Kijapani aliyekaa Seoul na askari wake. Nami nakuomba utazame chini zaidi, kwenye mkoa, wilaya, na hasa kata, ambayo Wakorea huiita myeon. Mkulima wa mpunga hakuwahi kumwona Gavana Mkuu. Karani wa kata alimwona kila msimu.

Mikoa 13 waliyoikuta, iliyowekwa na serikali ya Korea yenyewe mwaka 1896, Wajapani waliiacha kama ilivyo. Hata mkuu wa kwanza wa Chungcheong Kusini chini yao alikuwa Mkorea, Park Jung-yang, aliyekaa hapo hadi 1915. Asikudanganye mtu kwamba huko kulikuwa kugawana madaraka. Hadi 1919 polisi wa mkoa hawakuwa mikononi mwa mkuu wa mkoa. Waliongozwa na kamanda wa polisi wa kijeshi, Mjapani, ambaye amri zake zilitoka Seoul. Na tangu 1912 palikuwa na sheria ya kuchapa viboko iliyowahusu Wakorea peke yao, haikumgusa Mjapani. Mkuu wa mkoa asiye na neno juu ya polisi, katika nchi inayotawaliwa kwa kiboko, anatawala nini?

Kisha likaja jambo ambalo vitabu vingi hulipitia kwa sentensi moja, nami naliona zito kuliko mengi. Mwaka 1914 walichora upya mipaka. Nchi nzima ilikuwa na wilaya 317, zikabaki 220. Kata zilikuwa zaidi ya 4,300, zikabaki kama 2,500. Katika Chungcheong Kusini wilaya 37 zilifanywa 14. Noseong, Yeonsan, Eunjin na Seokseong, zilizokuwa wilaya kwa karne nyingi, kila moja na ofisi yake na wazee wake, zilimezwa, na sehemu yao kubwa ikawa Nonsan. Hoedeok na Jinjam zikaunganishwa na kipande cha Gongju, ikazaliwa wilaya ya Daejeon. Mimi nimeshuhudia kata moja tu ikigawanywa mara mbili, na najua ugomvi uliotokea juu ya kisima, makaburi na mahali pa kupigia kura. Wao walifanya hivyo nchi nzima kwa mara moja, bila kumuuliza mwananchi. Gharama zilipungua, hilo ni kweli. Lakini pia wazee na koo zilizozoea kusema na mtawala wa wilaya yao zilipoteza mahali pa kusemea, na kata, iliyokuwa chombo kidogo cha wenyeji, ikafanywa mkono wa serikali. Sheria ya 1917 ilikamilisha kazi hiyo.

Mkono huo ulifanya nini? Uliandika. Uliandika kila kaya na kila aliyezaliwa au kufa. Katika upimaji wa ardhi wa 1910 hadi 1918, mwenye shamba alitakiwa kupeleka tamko la maandishi katika muda uliopangwa, na mashamba mengi yaliyokuwa ya ikulu ya zamani, ambayo wakulima waliyalima kizazi hadi kizazi, yalihesabiwa kuwa mali ya serikali. Kodi ya ardhi ilipita kwa kata. Amri ya kupanda mbegu fulani ya mpunga, ya kufuga nondo wa hariri, ya kutengeneza barabara kwa nguvu za wanakijiji, zote zilifika kupitia kata. Na aliyezileta alikuwa Mkorea, mtu wa palepale, pengine mtoto wa jirani. Hili ndilo linaloniuma nikisoma, mwanangu. Rejesta ya kaya ninaifahamu. Mimi niliitumia kugawa vyandarua na kuwatafuta watoto wasiopelekwa shule. Daftari la namna hiyohiyo, likiwa chini ya dola isiyowajibika kwa wenyeji, lilitumika kumtafuta kijana wa kupelekwa mgodini.

Nitarudi hapo. Kwanza 1919. Kutoka Daejeon ukipanda treni kuelekea kaskazini utapita Cheonan, ambayo ni ya Chungcheong Kusini. Karibu na hapo, katika soko la Aunae, tarehe 1 Aprili 1919, watu walikusanyika siku ya gulio kudai uhuru wa nchi yao. Miongoni mwao alikuwa msichana wa shule, Yu Gwan-sun, na wazazi wake. Polisi wa kijeshi walifyatua risasi. Watu 19 walikufa, baba yake na mama yake wakiwemo. Yeye alihukumiwa Gongju, kisha Seoul, akafia katika gereza la Seodaemun Septemba 1920 akiwa na miaka 17. Tafadhali nenda Aunae.

Baada ya hapo Gavana Mkuu mpya, Saitō Makoto, alileta kile alichokiita utawala wa kitamaduni. Walimu waliacha kuvaa panga darasani, viboko vilifutwa, polisi wakawekwa chini ya mkuu wa mkoa. Wakati uleule idadi ya polisi iliongezwa sana, lengo likiwa kituo katika kila kata. Yakaundwa mabaraza ya mikoa mwaka 1920, ya kushauri tu. Theluthi moja ya wajumbe waliteuliwa na mkuu wa mkoa moja kwa moja, na waliobaki pia aliwachagua yeye kutoka orodha iliyopigiwa kura. Nimekaa katika vikao vingi, na baraza ambalo mwenye kushauriwa ndiye anayechagua washauri silihesabu kuwa sauti ya wananchi.

Sasa jengo lako. Makao ya mkoa yalikuwa Gongju, mji wa kale uliowahi kuwa mji mkuu wa ufalme wa Baekje. Daejeon ilikuwa kijiji mpaka reli ya Seoul hadi Busan ilipopita hapo mwaka 1905, na Wajapani wengi wakahamia kando ya stesheni. Hao ndio waliotaka mkoa uwafuate. Watu wa Gongju walipinga na kuandamana, na bajeti ya kuhama ikazua mabishano hata katika bunge la Tokyo. Mwisho mkoa ulihama. Kiwanja kilitolewa na Kim Gap-sun, tajiri wa Kikorea aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya ya Gongju, na ambaye alikuwa na ardhi kubwa sana Daejeon. Unaweza kukisia bei ya ardhi yake iliyobaki ilivyokwenda. Gongju walijengewa daraja la chuma juu ya mto Geum, kama fidia.

Miaka ya vita ilikuwa mibaya kabisa. Kuanzia 1939 vijana walipelekwa kwenye migodi na viwanda vya Japani, mwanzo kwa jina la kuandikishwa kazi, na kufikia 1944 kwa amri ya wazi. Mchele ulichukuliwa kwa kiwango kilichopangwa kutoka juu. Mwaka 1940 kaya zilibanwa zichukue majina ya Kijapani. Kila mara mkoa uliigawia wilaya idadi, wilaya ikaigawia kata, na karani akaenda mlangoni na daftari. Japani iliposhindwa Agosti 1945, sehemu nyingi hasira za watu ziliishia kwenye ofisi za kata na vituo vya polisi.

Mwenzako huenda ana bibi aliyesimulia habari hizo. Usimshurutishe. Na jengo limebaki kwa sababu Wakorea wenyewe walilitumia. Mwaka 1950, Seoul ilipovamiwa na jeshi la Korea Kaskazini, serikali ilikimbilia humo kwa muda, na ofisi za mkoa zilikaa hapo hadi 2012. Mipaka ya 1914 nayo bado inaonekana kwenye ramani zao.

Ndani kuna maonyesho ya historia ya mji. Ukiingia, angalia kama wametundika ramani ya wilaya kabla na baada ya 1914, unipigie picha iliyo wazi niweze kusoma majina. Pesa ya nauli ya Gongju nitakutumia mwisho wa mwezi.

Mama yako akupendaye