Wanakijiji waambiwe kilichokatwa kwenye bajeti

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba maafisa mipango wa halmashauri "tunakalia" miradi ya wananchi. Sijakasirika. Mtu anayepita kila siku mbele ya boma la zahanati, kuta tupu zisizoezekwa zilizoota majani ndani, lazima atafute wa kumlaumu. Ila mchawi aliyemtaja siye.

Mimi ni mchumi, naongoza Divisheni ya Mipango na Uratibu katika halmashauri moja ya wilaya Kanda ya Kati. Majirani zangu wanajua kazi yangu ni kukaa kwenye kompyuta, na msimu wa bajeti hawajakosea: tunaingiza takwimu usiku kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa kupangia mipango na bajeti za halmashauri, maana mchana mtandao unazidiwa na mfumo unamtupa mtu nje kabla hajahifadhi. Kazi yenyewe hasa ni kukata. Watu wanaomba, sisi tunakata.

Kwa utaratibu wetu mpango huanzia kijijini. Mkutano mkuu unakaa, watu wanataja fursa na vikwazo, wanapanga kipi kitangulie. Orodha inakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, inafika halmashauri, inapita Baraza la Madiwani, inapanda mkoani hadi Dodoma. Aprili Bunge linaanza kujadili, Juni bajeti inapita, Julai 1 mwaka mpya wa fedha umeanza. Kasoro ni kwamba mara nyingi kijiji kinapokaa, ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha tunachopangiwa, haujashuka. Watu wanapanga bila kujua kuna shilingi ngapi. Ukomo ukifika, mimi na wakuu wa idara tunajifungia ukumbini na kufyeka. Kata moja inaweza kuleta zahanati, madarasa, nyumba ya mwalimu na choo cha shule, vyote vikiwa vimefika lenta kwa nguvu za wananchi, vyote vikisubiri kuezekwa. Kumalizia boma moja la zahanati, miaka hii ya karibuni, Serikali Kuu imekuwa ikileta shilingi milioni 50, na haileti kwa kila kijiji. Mapato yetu ya ndani nayo yanategemea ushuru wa mazao. Alizeti ikishuka bei, tumeyumba. Humohumo unatoa asilimia 10 ya mapato hayo kwa ajili ya mikopo, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, halafu posho za vikao na mafuta ya magari. Kinachobaki kinaezeka maboma machache.

Kukata si dhambi. Hakuna halmashauri isiyokata. Kinachoniuma ni kwamba tukishakata, hatumwambii mtu.

Mwaka jana nilikwenda na mhandisi kukagua boma la zahanati katika kijiji kilicho mbali na lami. Tulikuta mchwa wameshapanda kwenye mbao za lenta, kozi za juu za tofali zimelegea kwa mvua, na mhandisi akasema upande mmoja itabidi ubomolewe kwa sababu nondo zilizowekwa ni nyembamba. Mzee mmoja wa kamati ya ujenzi akatoa daftari la shule, la mistari, akanisomea michango ya kaya moja moja: huyu elfu kumi, huyu ndoo za maji, huyu tripu ya mchanga, yule kaahidi hajatoa. Michango ya mwisho ilikuwa ya mwezi huohuo. Nikajua, na yeye hajui, kwamba boma lile tulikwisha kuliondoa kwenye bajeti tangu Januari. Akaniuliza, "Mwanangu, bati zinakuja lini?"

Tazama hasara yake. Watu wanaendelea kuchangishana kwa ajili ya jengo ambalo mwaka ule halina bati, wakati kilometa chache tu shule inahitaji choo ambacho michango ileile ingetosha kukimaliza. Na hata boma likiezekwa, bado zahanati haijawa zahanati: inahitaji usajili ndipo ipate dawa kutoka Bohari ya Dawa, na inahitaji watumishi, ambao bajeti yao ina njia yake. Nayo hayo kijiji hakiambiwi.

Kwa idhini ya mkurugenzi nikajaribu jambo dogo katika kata moja. Bajeti ilipopita nilimpa kila mtendaji wa kijiji karatasi moja: mliomba nini, kilichopita ni kipi, kilichokatwa ni kipi, na kwa nini. Aisome kwenye mkutano mkuu, kisha aibandike kwenye ubao wa matangazo pale zinapobandikwa fedha zilizopokelewa. Mkutano wa kwanza ulikuwa wa kelele tupu. Kijiji kimoja lakini kilikaa tena, kikaamua nyumba ya mwalimu isubiri na tofali zake zihamie kwenye choo cha shule. Choo kimekwisha, wanafunzi wanakitumia.

Diwani mmoja alinipigia simu usiku. "Mama mipango, unanichonganisha na wapiga kura wangu." Namwelewa, yeye ndiye aliyewaambia bati zinakuja. Hapo ndipo kwenye ugumu, wala si kwenye karatasi.

Kuna watakaosema karatasi hiyo itazeeka kabla ya Desemba, kwa sababu maelekezo hushuka katikati ya mwaka. Ni kweli. Oktoba 2021 zilikuja fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, za madarasa 15,000 nchi nzima, milioni 20 kwa chumba, tukaacha vingine vyote tukajenga. Madarasa yale yalihitajika na sitayabeza. Lakini mabadiliko yakija, mkutano mkuu wa kijiji unakaa kila miezi mitatu kwa mujibu wa utaratibu. Si yasomwe hapo?

Ombi langu ni kwa TAMISEMI, inayosimamia halmashauri, na Wizara ya Fedha. Mwongozo wa mpango na bajeti hutoka kila mwaka. Uongezewe kifungu kimoja: halmashauri irudishe kwa kila kijiji orodha ya kilichokatwa na sababu yake, ndani ya robo ya kwanza ya mwaka wa fedha, na wakaguzi wa ndani waulize kama ilisomwa. Ikiwezekana ukomo nao ushuke kabla vijiji havijakaa. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 inatutaka tufikie uchumi wa dola trilioni moja, na mimi ni mmoja wa wanaotakiwa kuitafsiri katika mipango ya wilaya. Sawa. Ila yule mzee anataka kujua kama aendelee kuwadai watu elfu kumi kumi, au asimame.

Jina langu naomba lisichapishwe.

Mchumi wa wilaya,
Kanda ya Kati