Ncha za kenchi zikioza, usikubali zikatwe zote

Mvua za majira ya baridi zikishapita hapa kusini mwa California, simu tunazopokea kwenye karakana huwa za aina moja. Mteja amenunua bangalo (nyumba ya chini yenye baraza) la miaka ya 1910 Pasadena au Monrovia, na fundi wa paa amemwambia kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zimeoza ncha, kwa hiyo zikatwe zote, chini ya upenu pafunikwe kwa mbao na papakwe rangi nyeupe. Ndugu mteja, kabla hujalipa malipo ya awali, tusikilize kidogo.

Nyumba hizi zilijengwa na watu wenye msimamo. Zilitokana na vuguvugu la usanifu na ufundi wa mikono liitwalo Arts and Crafts, lililoanzia Uingereza, kwa akina William Morris waliochoshwa na bidhaa za viwandani zilizojazwa nakshi za kubandika. Walitaka uzuri wa kitu uonekane katika namna kilivyotengenezwa. Huku Marekani, Gustav Stickley aliieneza fikra hiyo kupitia jarida lake, The Craftsman, lililoanza mwaka 1901, akichapisha michoro ya nyumba ambazo hata familia ya kawaida ingeweza kuzijenga.

Ndiyo maana paa la bangalo lina mteremko mdogo na linatokeza mbali nje ya ukuta ili litie kivuli, na kenchi zimeachwa wazi kila mtu azione. Nguzo za baraza ni nene chini na nyembamba juu, zimekaa juu ya vishina vya matofali au mawe ya mviringo, na hapa Pasadena mengi ya mawe hayo yalitoka kwenye korongo la Arroyo Seco. Ukikata kenchi na kuzifunika, umeiondoa sura ya nyumba yenyewe, na hakuna pambo la dukani litakaloirudisha.

Kama unataka kuona kazi hii ilipofika kileleni, nenda Gamble House hapa Pasadena, iliyojengwa mwaka 1908 kwa ajili ya David na Mary Gamble. Walioichora ni ndugu wawili, Charles na Henry Greene, ambao walifundishwa useremala shuleni St. Louis kabla hawajasomea usanifu majengo. Inaonekana. Simama chini ya upenu, tazama juu: kila ncha ya kenchi imeviringwa laini, hakuna kona kali hata moja, na nyingi zimepita ukingo wa paa. Hapo ndipo tatizo lilipo pia. Mbao zile zilinyeshewa karibu miaka mia, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 nje ya nyumba ilibidi ifanyiwe ukarabati mkubwa. Waliokarabati waliokoa mbao za zamani kadiri walivyoweza, na sisi tunafuata njia hiyohiyo.

Ubao hunywa maji zaidi kwenye ncha iliyokatwa, kwa sababu vinyweleo vyake vyote vimefunguka pale kama mirija. Rangi ikipasuka, maji huingia na hayatoki haraka, kisha kuvu huanza kula kutoka ndani. Kwa hiyo usiamini macho. Chukua bisibisi, ichomeke kwenye ncha, upande wa juu unaogusa bati la ukingoni. Ikizama bila kazi, pameoza. Sogea nyuma inchi moja moja mpaka bisibisi igome. Mara nyingi uozo hauzidi inchi chache, na nyuma yake kuna mbao ya msitu wa kale, nzito, yenye pete zilizosongamana, ambayo leo huipati kwa wauza mbao wa kawaida.

Tunachofanya ni kukata sehemu iliyooza kwa mshazari mrefu, kuunga kipande kipya cha mbao ya aina ileile kwa gundi isiyoingiza maji na vijiti vya mbao, kisha kukichonga kifuate umbo la jirani zake. Uozo mdogo tunaukwangua na kuujaza epoksi, gundi ya kemikali inayokauka ikawa ngumu. Ncha yote hupakwa rangi ya msingi kabla ya rangi ya juu, na gata hurekebishwa, maana bila hivyo mtatuita tena. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 huenda ina rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, hivyo fundi yeyote atakayeikwangua mwambie akuonyeshe cheti cha kazi hiyo. Watoto wasicheze karibu siku hizo.

Tangu moto wa Eaton ulipoteketeza sehemu kubwa ya Altadena, jirani na Pasadena, Januari 2025, wengi wanatuuliza kama upenu wazi ni hatari. Wasiwasi huo ni wa haki. Cheche hupenya kwenye matundu ya hewa na nyufa kati ya kenchi, kwa hiyo sehemu hizo tunaziziba kwa mbao nene na wavu wa chuma wenye matundu madogo sana. Kanuni za California zinaruhusu ncha za kenchi za mbao nzima, za inchi 2 kwenda juu, kubaki wazi, lakini kila eneo lina masharti yake, na ofisi ya ujenzi ya mji wako ndiyo yenye neno la mwisho.

Ukitutafuta, tutumie picha tatu: upenu mzima ukiwa mbali, ncha iliyoharibika kwa karibu ikiwa na rula pembeni, na gata lilivyo juu yake. Kwa picha hizo tunaweza kukuambia kama ni kazi ya kuunga au ya kujaza, kabla hatujaja na ngazi.