Idi Mubarak kwa wanaoizuia shilingi isiukimbie mtaa

Idi Mubarak, ndugu zangu, mama zangu na wazee wangu wa Mikindani, Kongowea na Kinango, mpaka huko Mukuru na Kawangware, Nairobi. Mwezi umeandama, takbira zimesomwa, na birika lililokuwa likingoja magharibi siku zote hizo leo limepanda jikoni tangu alfajiri. Taqabbala Allahu minna wa minkum. Salamu hizi nazielekeza mahsusi kwenu mliojitolea kwenye shughuli za sarafu za mitaa, yaani vocha ambazo majirani hulipana badala ya shilingi, chini ya shirika la Grassroots Economics: makarani wa vikundi, kina mama wa madaftari, vijana mnaozunguka kuwafundisha watu kubonyeza simu. Wasio Waislamu miongoni mwenu wamo pia, maana pilau haina dini.

Kilichonifanya niwakumbuke ni fitri. Kila mwaka ikifika siku za mwisho za Ramadhani, mwenye nyumba anahesabu vichwa, mtoto mchanga akiwemo, na kila kichwa kinatolewa pishi moja ya chakula kinacholiwa mahali pale, kama kilo mbili na nusu hadi tatu hivi, kabla watu hawajasimama kuswali Idi. Sisi wa pwani wengi ni Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, na wanazuoni wetu wanasisitiza kwamba fitri itolewe pale pale jua la mwisho wa Ramadhani lilipokuchwea. Haiendi makao makuu kwanza ikasubiri kikao ndipo irudi ikiwa imepungua. Inatoka jikoni kwako, inakata kichochoro, inaingia jikoni kwa jirani. Huo ni utaratibu wa karne nyingi, na sijaona mtaalamu wa maendeleo aliyeupita kwa wepesi.

Ila mchele wenyewe sasa. Fungua gunia la duka lolote Mombasa na uwezekano ni mkubwa kwamba umetoka Pakistan, umeshushwa bandarini hapo hapo Kilindini. Na huku Wapokomo wanalima mpunga kwenye delta ya Tana tangu enzi za mababu, na Mwea kule Kirinyaga ina mashamba ya kumwagiliwa yanayojulikana nchi nzima. Kwa hiyo fitri imebaki mtaani, lakini shilingi iliyoinunua imeshapanda meli. Mambo ni hayo hayo kwenye nguo za watoto zinazotoka Eastleigh, ambako nazo zimefika kutoka ng'ambo, na kwenye sukari na unga wa ngano wa mahamri. Kumi la mwisho la Ramadhani pesa zinamiminika: mishahara, zaka, na zinazotumwa na jamaa walioko Dubai na Muscat. Siku ya tatu ya Idi mtaa umerudi mkavu kama kawaida. Nyinyi ndio mlionifundisha kuuliza swali moja ambalo sasa haliniachi: shilingi hii leo usiku inalala wapi?

Wengi wameshasahau mlikoanzia. Mwaka 2010 kulikuwa na Eco-Pesa huko Kongowea, jaribio la kwanza. Halafu Mei 2013 ikaja Bangla-Pesa, katika kijiji cha Bangladesh hapo Mikindani. Ilikuwa ni vocha ya karatasi, na iliyoipa thamani ilikuwa ahadi ya wafanyabiashara wenyewe kwamba wataipokea. Mwezi haukuisha, polisi wakaja. Will Ruddick, Mmarekani aliyekuwa akiongoza shughuli hiyo, akakamatwa pamoja na Wakenya watano, wakashtakiwa kwa makosa ya kughushi. Zikavuma habari za kuwahusisha na Mombasa Republican Council, kundi lililotaka pwani ijitenge, kana kwamba mama muuza mboga mwenye karatasi ya 20 naye ana mpango huo. Agosti mwaka huo huo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akaifuta kesi. Mzungu ndiye aliyeandikwa sana kwenye magazeti. Mimi leo salamu za kwanza nazipeleka kwa wale watano na majirani zao, kwa sababu wao hawakuwa na ubalozi wa kuwapigia simu, na kesi ilipokwisha walirudi kukaa mtaa ule ule, kati ya watu wale wale waliokuwa wakinong'ona.

Kwa asiyewahi kuiona ikifanya kazi, mchukulie fundi cherehani wiki hii ya Idi. Kanzu zimejaa mpaka mlangoni, taa inawaka hadi usiku wa manane. Mama wa mahamri ana vazi la binti yake pale na hana shilingi, kwa sababu mwezi mzima wateja wa asubuhi hawakuwapo. Anampa fundi vocha. Fundi usiku anaamka na njaa ya daku, ananunua mbaazi kwa vocha ile ile kwa jirani. Wa mbaazi anamlipa kijana wa mkokoteni aliyemletea maji. Kijana akimaliza kazi anarudi kwa mama wa mahamri. Binti amevaa, watu wamekula, maji yamefika, na hakuna shilingi hata moja iliyotoka mfukoni. Nguvu za kazi zilikuwapo tangu mwanzo, na njaa zilikuwapo. Kilichokosekana ni kitu cha kupokezana.

Nisiwapambe kupita kiasi lakini, kwani na nyinyi mnajua. Mwenye duka la rejareja ndiye aliyekuwa akiumia. Vocha zote humfikia yeye mwisho, na muuzaji wa jumla hazitaki, anataka pesa taslimu au M-Pesa. Kwa hiyo zinamlundikia kwenye kopo mpaka anaanza kuzikataa. Sarafu ya mtaa inazunguka vizuri kwenye kile mtaa unachokizalisha, na mtaa usiozalisha chakula chake utafika mahali ukwame. Sioni namna ya kuukwepa ukweli huo kwa teknolojia.

Labda ndiyo maana naipenda zaidi habari ya Kinango, huko Kwale mashambani. Sarafu ilipohamia kwenye simu, hata ile ya mulika mwizi isiyo na intaneti, mashamba nayo yakaingia ndani. Wakati wa korona, kwa ushirikiano na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ilitumika Mukuru na kwingineko, na rekodi za Januari 2020 hadi Juni 2021 zina akaunti kama 40,000. Watafiti walioziangalia waliona kwamba mzunguko ulibaki ndani ya maeneo jirani. Malipo ya Kinango yalizunguka Kinango. Hilo halinishangazi. Waduruma wa huko wana mweria tangu zamani: leo tunapalilia kwako, kesho kwangu, na asiyefika bila udhuru anajulikana. Daftari na simu vilikuja kuandika kitu ambacho wazee walikuwa wakikishika kichwani.

Kuna watakaosema hizi ni kazi za kaunti sasa, tuna ugatuzi. Tunao, na tumeupata kwa tabu. Mzee Ronald Ngala na chama chake cha KADU walipigania majimbo, yaani serikali za mikoa zenye mamlaka yao, yakaja na uhuru wa 1963, na hayakufika mbali. Mwisho wa 1964 KADU ilikuwa imejivunja. Tukangoja mpaka katiba ya 2010, na kaunti 47 zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, miezi miwili tu kabla ya Bangla-Pesa. Katiba inataka kaunti zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Sawa. Lakini pesa ikitoka Nairobi ikafika Kwale asubuhi, mkandarasi wa kutoka nje akalipwa adhuhuri, saruji na mafuta vikanunuliwa Mombasa, jioni imebaki nini huku Kinango? Ofisi imegatuliwa, mfuko bado. Gavana anaweza kuanza na jambo dogo: viti vya shule za chekechea vichongwe na maseremala wa kata husika, na mahindi ya watoto yanunuliwe kwa vikundi vile vile vya mweria.

Basi nisiwachoshe, leo ni siku ya kula. Kwa waweka hazina mliolala na funguo za makasha, Idi njema. Kwa kina mama wa mchezo wa kuchangishana mliokusanya mwaka mzima ili kila nyumba ipate nyama, Idi njema. Kwa waliotangulia mbele ya haki Mola awarehemu, na wagonjwa awape shifaa. Mnaofunga sita za Shawwal, tutawasubiri. Mikutano iwekwe baada ya hapo, na atakayepanga mapema aje na chai yake.

Watoto wameshanifikia mlangoni wanataka mkono wa Idi, na sina chenji. Nimewaambia nitawaandikia kwenye daftari. Wamekataa katakata.